Kufyatua matofali kwa majivu ya makaa ya mawe: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua majivu hadi kujenga

Malalamiko ni yaleyale. Tofali lilitoka kwenye mashine likiwa zuri, likakaa juani siku tatu likaonekana gumu, mvua ya kwanza ikalirudisha kuwa tope. Au kingo zinamomonyoka ukilishika tu. Au lilikuwa imara kabisa, na baada ya wiki kadhaa likavimba na kupasuka lenyewe. Karibu kila mara chanzo ni hiki au kile: majivu hayakuwa yale yanayotakiwa, au tofali lilitendewa kama la udongo.

Tofali la udongo hukaushwa, kisha huchomwa, na moto ndio unaolipa ugumu. La majivu halichomwi. Ugumu wake hutokana na silika (madini yanayopatikana pia kwenye mchanga) iliyomo kwenye majivu kuungana na chokaa penye maji, na kazi hiyo huenda polepole. Maji yakiisha ndani ya tofali, inasimama hapohapo. Jua lililoonekana kuligumisha tofali lako ndilo lililoliua.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Majivu laini makavu, yenye cheti cha vipimo kutoka kwenye mtambo wa umeme.
- Saruji ya kawaida. Au, ukifuata njia ya chokaa, chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji ikawa unga) pamoja na jasi.
- Mchanga safi au vumbi la mawe, lililopita kwenye chekeche ya matundu ya milimita 5 hivi.
- Maji safi yasiyo ya chumvi.
- Mizani. Ndoo haifai kuwa kipimo, maana majivu yaliyomiminwa kwa utulivu na yaliyoshindiliwa yanaweza kutofautiana uzito karibu mara mbili kwenye ndoo ileile.
- Mashine ya kufyatulia inayokandamiza, ya mkono au ya umeme, na vibao vya kupokelea matofali.
- Karatasi ya nailoni ya kutosha kufunika kazi ya siku nzima.
- Barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la FFP2 au N95, miwani inayoziba pembeni, glovu za mpira na mabuti.

Barakoa ya kitambaa haitoshi. Chembe nyingi za majivu haya ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, na sehemu yake ni silika ya fuwele, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu yasipone. Chokaa na saruji mbichi huunguza ngozi na macho. Weka ndoo ya maji safi karibu kwa ajili ya kunawa.

## Hatua ya 1: Jua unapewa majivu gani

Hapa ndipo wengi wanapopotea kabla hata ya kushika koleo. Mtambo mmoja hutoa majivu ya aina zaidi ya moja, na mtu wa stoo anaweza kukupakilia yoyote.

Majivu laini. Makaa yakisagwa kuwa unga na kuchomwa, sehemu kubwa ya majivu, takriban asilimia 80, hupaa na moshi na kunaswa na vichujio kabla ya kufika kwenye bomba la moshi. Hayo ndiyo unayoyataka. Chembe zake ni viduara vya kioo, nyingi zikiwa kati ya maikroni 1 na 100 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Ukioo huo ndio siri yake: majivu yalipoa ghafla hewani, silika haikupata muda wa kujipanga kuwa fuwele, na kwa sababu hiyo chokaa inaweza kuishambulia.

Majivu ya chini. Hudondoka chini ya tanuri. Ni ya chengachenga, mazito, yanafanana na mchanga. Yanafaa kushika nafasi ya mchanga, lakini hayashikishi kitu. Ukiyatumia kama majivu laini utapata tofali linalomomonyoka.

Majivu ya bwawani. Ni mchanganyiko wa hizo mbili uliosukumwa kwa maji hadi bwawani. Ubora wake hubadilika kila hatua unayopiga: karibu na mdomo wa bomba ni chenga, mbali ni laini. Anayeanza ayaache.

Majivu ya mitambo inayochoma makaa pamoja na mawe ya chokaa. Mitambo mingine haisagi makaa kuwa unga. Huyachoma yakiwa yanarushwarushwa na hewa ndani ya tanuri, pamoja na mawe ya chokaa yaliyopondwa ili yanase salfa. Majivu yake yana chokaa hai (ambayo bado haijazimwa kwa maji) na salfeti nyingi, yaani chumvi za salfa, na huendelea kuvimba baada ya tofali kuwa gumu. Kwangu mimi huu ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu mwanzoni tofali hutoka zuri mno na mtu hujiona amefaulu. Uliza waziwazi kabla ya kupakia: je, mtambo huu huchoma makaa pamoja na mawe ya chokaa? Jibu likiwa ndiyo, usiyatumie kwa matofali.

Kisha omba cheti. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618, kinachotumiwa pia nje ya nchi hiyo, kinataka mabaki kwenye chekeche ya maikroni 45 yasizidi asilimia 34, uzito unaopotea majivu yakichomwa tena usizidi asilimia 6, na salfa, ikihesabiwa kama trioksidi ya salfa (SO3), isizidi asilimia 5. Kile kinachopotea kwa kuchomwa tena ni hasa kaboni ambayo haikuungua. Kaboni hunyonya maji na haishikani na chochote.

Omba pia ripoti ya metali zinazochujika na maji: aseniki, risasi, kromi, seleni. Makaa ya mawe huwa na metali hizi kwa uchache, na moto huzikusanya kwenye majivu. Tofali lililoshika vizuri huzifunga nyingi ndani yake, lakini hilo halifuti haja ya ripoti. Pasipo ripoti, usifyatue matofali ya nyumba ya kuishi.

## Hatua ya 2: Yapime mwenyewe

Cheti ni cha shehena fulani, na shehena uliyoletewa inaweza kuwa nyingine. Majaribio haya hayahitaji maabara.

Rangi na mguso. Majivu mazuri ni ya kijivu hafifu au rangi ya maziwa yaliyochujuka, na yakisuguliwa kati ya vidole ni laini kama poda. Weusi ni dalili ya kaboni nyingi. Ukihisi chenga, kuna majivu ya chini ndani yake.

Maji peke yake. Finyanga kibonge kwa majivu na maji tu. Kikipata moto na kugumu ndani ya saa moja, majivu yako yana chokaa nyingi ya kwake. Si mabaya, mradi hayakutoka kwenye mtambo unaochoma makaa pamoja na mawe ya chokaa, ila yatakuharakisha: changanya kidogokidogo na ufyatue papo hapo.

Kibonge cha chokaa. Hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote. Changanya sehemu 3 za majivu na sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa, tia maji kidogo, finyanga vibonge vitano, vifunge ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa. Viache mahali penye joto kwa siku 7, kisha vitumbukize kwenye maji kwa siku nzima. Kibonge kikibaki kizima na ukucha hauingii, majivu yako yanafanya kazi. Kikiyeyuka, hakuna kipimo cha saruji kitakachoyageuza kuwa majivu mazuri.

Harufu. Ukichanganya na chokaa ukasikia harufu kali ya amonia, majivu yamebeba mabaki ya dawa ya kusafishia moshi. Fanyia kazi mahali penye hewa. Harufu ikikutoa machozi, kataa shehena.

Pima chokaa pia, maana nayo hudanganya. Chokaa ya kilimo ni mawe yaliyosagwa tu, haiungani na silika, na kuna matofali mengi yaliyokufa kwa sababu yake. Hata chokaa sahihi ikikaa mfuko wazi hunyonya hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Dondoshea siki: ikitoa povu jingi, si chokaa unayoitaka.

## Hatua ya 3: Chagua kipimo

Vipimo hivi ni vya kilo 100 za mchanganyiko mkavu. Kwa tofali la milimita 230 kwa 110 kwa 75, utapata takriban matofali 30.

Njia ya saruji: majivu kilo 55, mchanga au vumbi la mawe kilo 35, saruji kilo 10.

Njia ya chokaa na jasi: majivu kilo 60, mchanga kilo 25, chokaa iliyozimwa kilo 10, jasi kilo 5.

Anayeanza namshauri saruji. Saruji hujishikia yenyewe siku za mwanzo, na inapoganda huachia chokaa ambayo majivu huitumia baadaye. Kwa hiyo makosa madogo husameheka. Njia ya chokaa haitumii saruji kabisa, lakini inadai uvumilivu. Jasi ipo ili kulipa tofali nguvu ya mapema wakati chokaa bado inajikongoja. Usiizidishe kwa kudhani utaharakisha kazi: jasi nyingi huleta uvimbe ule ule wa majivu yenye salfa.

Na usijaribu kupandisha majivu hadi kilo 80 ili kubana gharama. Mchanga si wa kujazia tu. Ndio mifupa ya tofali, na bila huo linasinyaa na kupata nyufa nyembamba.

## Hatua ya 4: Changanya yakiwa makavu kwanza

1. Chekecha majivu na chokaa uondoe mabonge. Punje ya chokaa ambayo haikuzimwa vizuri hunywa maji baadaye, hufura na kutumbua uso wa tofali.
2. Changanya majivu na saruji, au majivu, chokaa na jasi, bila mchanga na bila maji.
3. Ongeza mchanga, geuza tena mpaka rangi iwe moja kote. Mistari ya weupe ikionekana bado hujamaliza.
4. Nyunyiza maji kidogokidogo huku ukigeuza. Usimwage ndoo kwa mkupuo.

Fanya haya mahali pasipo na upepo. Ukinyunyiza maji kidogo sana juu ya lundo la majivu kabla ya kuanza, vumbi litapungua bila kuharibu kitu.

## Hatua ya 5: Pata maji sawasawa

Mashine inayokandamiza hutaka mchanganyiko wenye unyevu tu, usio tope. Kwa kilo 100 kavu, anza na kilo 8 za maji na usitarajie kupita 12.

Kipimo cha mwisho ni kiganja. Kamata fumba moja, ubane kwa nguvu, ufungue. Bonge likae bila kusambaratika, na ukilivunja kwa vidole gumba likatike vipande viwili safi. Likisambaratika, maji hayatoshi. Kiganja kikilowa au maji yakitoka kati ya vidole, yamezidi, na tofali litanasa kwenye kalibu.

Kama majivu yamefika yakiwa mabichi, fanya hesabu kwanza. Kausha kilo 1 kwenye sufuria ambayo haitatumika tena kwa chakula, kisha upime. Zikibaki gramu 850, ili upate kilo 60 kavu unahitaji karibu kilo 71 za majivu hayo, na ndani yake tayari mna kilo 11 za maji. Umeona shida: maji ya kazi nzima yameshaingia kabla hujashika ndoo. Majivu ya namna hii yaanike kwanza, chini ya kivuli kisicho na upepo.

Ukishatia maji, saa inahesabu. Mchanganyiko wa saruji uishe ndani ya saa moja. Wa chokaa unavumilia zaidi, lakini usilaze kwa ajili ya kesho. Kuurudishia maji mchanganyiko ulioanza kushika ni kutengeneza takataka.

## Hatua ya 6: Fyatua

Kalibu ya mbao ya kushindilia kwa mkono haitoshi kwa majivu. Chembe lazima zisukumwe zikaribiane, la sivyo chokaa haina cha kugusa.

Paka kalibu mafuta mepesi. Pima kwa mizani kiasi kinachoingia kwenye tofali moja, kisha tumia kiasi hichohicho kila mara. Ukijaza kwa macho, matofali yatatofautiana, na utakayoyapima mwishoni hayatakuambia chochote kuhusu mengine.

Kandamiza, toa, pokea kwa kibao, weka mahali palipo sawa. Tofali zuri lina kona kali na uso uliofungamana, na unaweza kulibeba kwa kibao bila kupata ufa. Likitoka na tabaka kama kurasa, mkandamizo ulikuja haraka kuliko hewa ilivyoweza kutoka: punguza kasi.

## Hatua ya 7: Siku mbili za nailoni

Mara tu safu ikijaa, ifunike kwa nailoni hadi chini na uizibe pembeni kwa mchanga. Usimwagie maji bado, uso utachubuka. Usiguse kwa saa 24 kwa saruji, na 48 kwa chokaa.

Ukifunua, ndani ya nailoni kuwe na matone ya jasho. Ndiyo dalili kwamba unyevu umebaki ulipotakiwa kubaki. Nailoni ikiwa kavu, upepo umeingia.

## Hatua ya 8: Mwagilia, kisha mwagilia tena

Panga matofali kwa mstari, yasizidi safu tano kwenda juu, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati yake ili maji yafike pande zote. Mwagilia asubuhi, mchana na jioni, na baada ya kila zamu rudisha nailoni.

Muda ni siku 14 kwa uchache kwa njia ya saruji, na 21 hadi 28 kwa njia ya chokaa. Siku moja ya kusahau katikati huumiza kuliko siku mbili za kusahau mwishoni, kwa sababu tofali changa lililokauka mara moja haliamki kirahisi.

Joto ni rafiki mradi unyevu upo. Nailoni iliyopigwa na jua juu ya matofali yaliyolowa huharakisha kazi. Jua lilelile juu ya matofali wazi huisimamisha. Baridi nayo huchelewesha: ikishuka chini ya nyuzi 10, ongeza wiki nzima au zaidi.

## Hatua ya 9: Pima kabla ya kuamini

Chukua matofali matano kutoka sehemu tofauti za lundo, usichague mazuri.

Sauti. Gonga mawili. Mlio wa wazi ni mzuri, mlio mzito wa kibubu una maana ya ufa au ubichi.

Kuangusha. Liachie kutoka urefu wa mita moja juu ya udongo mgumu. Kona ikimeguka kidogo si neno. Likigawanyika, shehena haijaiva au haitaiva.

Kuloweka. Kausha tofali, lipime, lizamishe saa 24, lifute, lipime tena. Ongezeko lisizidi asilimia 20. La kilo 3.0 lisipite kilo 3.6. Maji uliyolowekea yakiwa na tope chini, tofali linayeyuka.

Maabara. Kwa jengo lolote litakalobeba watu, peleka matofali yavunjwe kwa mashine. Kwa kuta za kawaida za jengo la chini, nguvu ya nyutoni 7.5 kwa milimita ya mraba ni lengo la busara. Mhandisi wa jengo lako ndiye mwenye neno la mwisho.

## Mambo yakiharibika, soma dalili

Ngozi inayotoka unga ni ukame: tofali lilipoteza maji siku za kwanza. Kama ni gumu nje lakini laini ndani, huenda lilikauka kabla ya kuiva au mchanganyiko haukugeuzwa sawasawa. Livunje uangalie kama rangi ya ndani ina mabaka.

Vidonda vidogovidogo usoni vyenye kitone cheupe katikati ni punje za chokaa ambayo haikuzimwa. Chekecha zaidi.

Ukungu mweupe unaofutika kwa brashi ni chumvi iliyotoka kwenye maji, mchanga au majivu yenyewe. Ukikoma baada ya kufutwa mara chache, endelea. Ukirudi daima, badili maji kwanza.

Nyufa za kutawanyika na tofali kukua kuliko kalibu yake ni salfa au chokaa hai. Hapo hakuna tiba. Shehena nzima iende kwenye kujaza mashimo yaliyo mbali na visima na mito.

## Hatua ya 10: Jenga bila haraka

Acha matofali yatimize angalau siku 28, na yakishamaliza kumwagiliwa yakauke kivulini wiki moja. Tofali la majivu husinyaa kidogo likikauka. Lisinyalie kwenye lundo, lisisinyalie ukutani. Wanaojenga siku ya 15 ndio wanaouliza baadaye kwa nini ukuta una nyufa za ngazi kwenye viungo.

Kabla ya kuliweka, linyunyizie maji kidogo tu. Halinywi kama la udongo, na likilowekwa litaelea juu ya saruji ya kujengea. Tumia saruji hiyo ikiwa laini ya kiasi, isiwe ngumu kuliko tofali.

## Majivu yaliyobaki na uliyoyakataa

Usiyamwage bustanini. Baadhi huwa na boroni ya kuchoma mimea, na metali zile zilizotajwa kwenye ripoti hazina kazi kwenye mboga. Usiyaache wazi pia: Desemba 2008, huko Kingston, Tennessee, ukuta wa hifadhi ya majivu ya mtambo wa umeme ulibomoka na zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope zikamwagika mtoni na kwenye mashamba. Lundo lako ni dogo, ila mvua hailiachi.

Majivu ya chini yachekeche uyatumie badala ya sehemu ya mchanga, ukianza na robo. Majivu laini yaliyofaulu jaribio la kibonge yanaweza kuingia kwenye zege, yakishika nafasi ya asilimia 15 hadi 25 ya saruji, mradi zege imwagiliwe kwa muda mrefu kuliko kawaida. Yanayobaki yafunge kwenye mifuko, yaweke juu ya vibao ndani ya stoo kavu, na uandike kwenye kila mfuko tarehe na namba ya shehena ili cheti kisichanganyike. Maji uliyooshea mashine yaelekeze kwenye shimo lililotandikwa nailoni, yatulie hadi mashapo yashuke, kisha tumia maji ya juu kwenye mchanganyiko wa kesho.